Watu wanalilia mageuzi ya shule, yakija wanayakataa. Kulikoni?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya wazazi shuleni kwetu. Nimekuwa nafuatilia kura za maoni kuhusu elimu za nchi mbalimbali na kuna kitu kinanichanganya, watu wanasema elimu imeshuka, shule zibadilishwe, tena kwa asilimia kubwa kabisa, lakini mageuzi yenyewe yakiletwa kupigiwa kura haohao wanayaangusha. Sasa hawa watu wanataka nini? Na sisi tunaandaa dodoso la wazazi kabla ya kupeleka mapendekezo yetu juu, tuulizeje tusije tukadanganyika?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi umeuliza kabla hamjachapisha hilo dodoso, maana wengi huja kuuliza wakati majibu yameshakusanywa na hakuna tena cha kuokoa.

Nianze na hilo la kwanza. Watu wanajua vizuri tu wanachotaka, shida ni kwamba wanaulizwa vitu vitatu tofauti halafu sisi tunayachukua majibu yote kana kwamba ni ya swali moja. Ukimuuliza mtu kuhusu "elimu ya nchi hii" anakujibu habari alizosikia. Ukimuuliza kuhusu shule anayosoma mwanae anakujibu alichokiona kwa macho yake, daftari, mwalimu, geti, mtoto anaporudi jioni yukoje. Na ukimpa karatasi ya kura yenye mageuzi fulani yaliyoandikwa kabisa, hapo anakujibu kuhusu kile anachoogopa kukipoteza. Majibu matatu, mtu yuleyule, na yote ni ya kweli.

Nchi yenye kumbukumbu ndefu za mambo haya ni Marekani, ndo maana mifano mingi nitaitoa kule. Kuna chama cha wanataaluma wa elimu kinaitwa PDK, kilianza kupima maoni ya wananchi kuhusu shule za umma mwaka 1969 kikishirikiana na Gallup, kampuni ya kupima maoni, na tangu 1974 wakawa wanawaomba watu wazipe shule madaraja kama ya mtihani, A, B, C mpaka F. Matokeo yake kwa miaka mingi hayajabadilika sana. Shule za eneo analoishi mtu, karibu nusu ya watu wanazipa A au B. Shule za taifa zima, anayezipa A au B ni kama mtu mmoja kati ya watano, wakati mwingine hata hafiki. Halafu ukimwendea mzazi ukamuuliza shule ya mwanae mkubwa, A na B zinapanda mpaka kwenye asilimia 70 na zaidi. Gallup wenyewe nao wana swali lao la kila Agosti, na mwaka 2023 walioridhika na elimu ya shule nchini walikuwa asilimia 36 tu, lakini wazazi walioridhika na elimu ya mtoto wao wenyewe walikuwa asilimia 76.

Sasa kaa chini ufikirie hapo kidogo, kama karibu kila mzazi anasema kwangu pazuri, hizo shule mbovu za taifa ni za watoto wa nani?

Wapo wanaosema mzazi ndo anayejua, na hao wengine wanakariri tu habari mbaya za redioni. Wapo wanaosema kinyume chake, kwamba mzazi anaipendelea shule ya mwanae kwa sababu ameshaichagua, ameshahamia mtaa ule, kukubali kwamba ni mbovu ni kujihukumu mwenyewe. Mi naona kila upande una nusu ya ukweli. Anayezipa daraja shule za taifa zima kweli anahukumu kitu ambacho hajawahi kukikanyaga. Lakini mzazi naye anaona mambo mengi isipokuwa lile moja gumu kuliona, yaani mtoto amejifunza kiasi gani ukilinganisha na anavyotakiwa. Mwaka huohuo wa 2023 Gallup wakishirikiana na shirika la Learning Heroes waliwauliza wazazi, na karibu 9 kati ya 10 wakasema mtoto wao yuko kwenye kiwango cha darasa lake au zaidi katika kusoma. Kwa nini wanaamini hivyo? Kwa sababu ripoti ya shule inawaambia hivyo, wazazi karibu wanane kati ya kumi walisema mtoto anapata B kwenda juu. Kama mzazi amekosea, hajakosea kwa uzembe, kaisoma karatasi aliyopewa na akaiamini, na mimi siwezi kumlaumu kwa hilo hata kidogo. Kwa hiyo ukiona "wazazi wameridhika" usikimbilie kuandika kwamba shule inafundisha vizuri. Andika kwamba wazazi wanaiamini shule. Hivyo ni vitu viwili na vyote vina thamani yake.

Twende kwenye maneno ya swali, hapa ndo watu wanapotea kabisa. Jarida la elimu la Marekani, Education Next, lilianza kupima maoni kila mwaka kuanzia 2007 na wale jamaa walifanya jambo la busara sana, wanagawa waulizwaji makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja linaulizwa je mishahara ya walimu iongezwe. Kundi la pili linaambiwa kwanza mwalimu wa jimbo lako kwa wastani analipwa kiasi hiki kwa mwaka, halafu linaulizwa swali lilelile. Mwaka 2017 wasioambiwa kitu waliosema iongezwe walikuwa asilimia 61, walioambiwa wakawa 36. Sentensi moja tu imeng'oa pointi 25! Maana yake watu wengi walikuwa wanadhani mwalimu analipwa kidogo kuliko hali halisi. Hapo wapinga nyongeza wakashangilia sana, unaona, mwananchi akijua ukweli anaacha huruma.

Ila subiri mwaka unaofuata. Februari 2018 walimu wa West Virginia waligoma jimbo zima mpaka wakapata nyongeza ya asilimia 5, kisha Oklahoma na Arizona nao wakatoka, picha za vitabu vilivyochanika na viti vibovu zikazagaa kila mahali. Walipopima tena mwaka huo wasioambiwa mshahara walikuwa asilimia 67, na wale walioambiwa wakapanda kutoka 36 mpaka 49. Takwimu ya mshahara ilikuwepo palepale, wanaisoma, lakini sasa wanaisoma wakiwa wameshaona darasa lenyewe lilivyo. Huwa naurudia sana mfano huu nikifundisha, kwa sababu unavunja ile imani kwamba mwananchi akipewa data basi maoni yake yatatulia mahali pamoja "sahihi". Hayatulii. Data inaingia kwenye kichwa ambacho tayari kina picha, na picha ikibadilika namba ileile inasomwa vingine.

Na wakati mwingine jina peke yake linatosha kuua jambo. Common Core ilikuwa viwango vya pamoja vya Kiingereza na hisabati, vilitolewa 2010, na majimbo zaidi ya 40 yakavipokea haraka haraka. Mwaka 2013 PDK wakauliza wananchi mmeshasikia hiki kitu, asilimia 62 hawajawahi kukisikia. Fikiria mdogo wangu, mitaala ya karibu nchi nzima imebadilika na zaidi ya nusu ya watu hawana habari. Mwaka uliofuata wakaanza kusikia, ila kutoka kwa nani? Kutoka kwa waliokasirika. Education Next mwaka 2013 walipata sapoti ya asilimia 65, mwaka 2014 ikawa 53, mwaka 2016 ikashuka 42. Sasa angalia ujanja wao, mwaka 2014 kundi jingine waliliuliza swali lilelile la viwango vya pamoja kwa majimbo yote lakini jina Common Core wakaliondoa, sapoti ikawa 68. Watu walikuwa hawana tatizo na viwango vya pamoja kama wazo. Jina ndo lilikuwa limeshabeba hasira za mitihani, za siasa, za kompyuta zilizogoma siku ya mtihani, za hesabu za nyumbani ambazo mzazi mwenyewe hazielewi.

Lakini kwangu mimi namba iliyouma kuliko zote kwenye sakata lile ni ya walimu. Mwaka 2013 walimu waliounga mkono walikuwa asilimia 76, mwaka mmoja baadaye 46. Pointi 30 ndani ya miezi kumi na miwili! Hawa si watu wa kusikia redioni, hawa ndo wanaoshika chaki. Walipewa viwango vipya kabla vitabu havijafika na kabla semina hazijakamilika, na sehemu nyingi wakawa wanaambiwa alama za mitihani hiyo mipya zitaingia kwenye tathmini yao ya kazi. Mzazi akiwa na wasiwasi kuhusu mageuzi hampigii simu waziri, anamuuliza mwalimu wa mwanae pale getini. Mwalimu akikunja uso, basi, kazi imeisha, hata utumie matangazo ya mwaka mzima. Kwa hiyo anayetaka kujua mageuzi yatapokelewaje aanze kupima maoni ya walimu, na apime kwa kuwaficha majina yao, maana mwalimu akijua mkuu wake atasoma atakuandikia unachotaka kusikia.

Sasa lile la kura kuangushwa. Mfano ninaoupenda uko Hamburg, jiji la Ujerumani ambalo ni jimbo lenye serikali na bunge lake. Kule watoto walikuwa wanasoma shule ya msingi miaka minne halafu wanatenganishwa, wengine wanaelekea Gymnasium ile njia ya chuo kikuu, wengine njia nyingine. Serikali ikaja na mpango msingi iwe miaka sita ili watoto wakae pamoja muda mrefu zaidi, na lengo lilikuwa zuri, mtoto wa fukara na wa mhamiaji asihukumiwe akiwa na miaka kumi. Vyama vyote vilivyokuwa bungeni pale vikakubaliana, jambo ambalo halitokei kila siku. Ukitazama kwa nje ungesema hapa kuna maridhiano ya jimbo zima. Tarehe 18 Julai 2010 wananchi wakapiga kura wakaikataa, kwa tofauti isiyo ndogo. Meya Ole von Beust akatangaza kujiuzulu siku hiyohiyo.

Ukiwauliza wale watu kama wanataka usawa zaidi mashuleni nadhani wengi wangesema ndio bila kusita. Ila karatasi ilikuwa haiulizi usawa, ilikuwa inauliza mwanao akae miaka miwili zaidi kabla ya kuingia Gymnasium. Mzazi aliyekuwa na uhakika wa nafasi ya mwanae aliona kabisa anachotoa na hakuona anachopata. Na tena waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama wanne tu kati ya kumi, mitaa ya wenye nacho ilijitokeza kwa wingi kuliko mitaa ya maskini, ambao ndo mageuzi yalikuwa yanawalenga. Wale ambao mpango ungewafaa zaidi sauti yao haikufika kwenye sanduku, wengine hata haki ya kupiga kura hawakuwa nayo kwa sababu si raia. Hili nalo ni la kukumbuka kila ukisikia mtu anasema "wananchi wameamua", uliza wananchi gani.

Kura ya mwaka 2016 kwenye jimbo la Massachusetts, Marekani, ambalo mji wake mkuu ni Boston, ni hadithi ya ukoo huohuo. Swali lilikuwa kuruhusu shule mpya mpaka 12 kila mwaka za aina ile ya chata, yaani shule za umma zinazoendeshwa na bodi binafsi kwa mkataba. Utafiti wa Boston ulikuwa mzuri sana, watoto walioshinda bahati nasibu ya kuingia shule hizo walikuwa wanawazidi waziwazi wale waliokosa. Mwanzoni mwa mwaka kura za maoni zilionyesha wanaokubali ni wengi kuliko wanaokataa. Novemba ilipofika asilimia 62 wakakataa. Katikati hapo kilitokea nini? Kamati za shule za miji mingi zilipitisha maazimio ya kupinga, moja baada ya nyingine, zikiwaeleza watu kwamba pesa itamfuata mtoto na shule yenu hapa itabaki na pengo. Mtu wa mji mdogo ambaye hata chata hana karibu alikuwa anaulizwa kwa maneno mengine, uko tayari shule unayoipa A ihatarishwe kwa ajili ya shule za Boston unazosikia ni mbovu? Rudi kwenye zile namba za PDK uone kwamba jibu lake lilikuwa limeandikwa miaka mingi nyuma.

Vocha, yaani pesa ya umma anayopewa mzazi ampeleke mwanae shule binafsi, ndo usiseme. Kwenye kura za maoni zinapata sapoti nzuri tu hasa ukiuliza kwa maneno ya "mzazi apewe uhuru wa kuchagua", na inashuka ukiuliza kwa maneno ya "kwa gharama ya umma". Kwenye sanduku zinaanguka, California na Michigan 2000 zilikataliwa na watu kama saba kati ya kumi, Arizona 2018 asilimia 65 walikataa kuzipanua, Kentucky na Nebraska 2024 vilevile. Arizona bunge likaja kuzipanua kwa watoto wote mwaka 2022 bila kuwarudia wapiga kura. Unaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu vocha, lakini serikali ikishaambiwa hapana na watu kisha ikapita mlango wa nyuma, imani inayopotea pale haiishii kwenye vocha tu.

Sasa wapanga sera waziamini kura za maoni? Msimamo wangu ni huu. Wananchi wasikilizwe kikamilifu kuhusu malengo, mtoto wetu atoke shuleni akiwa mtu wa namna gani, na wasikilizwe kikamilifu kuhusu gharama, nini hatuko tayari kukitoa. Njia ya kufundisha kusoma au mpangilio wa mada za hesabu usiamuliwe kwa asilimia za watu waliopigiwa simu jioni wakiwa wamechoka. Watu wanapenda kinachoonekana. Madarasa yenye watoto wachache yanapendwa kila mahali na kuna ushahidi yanasaidia, jaribio la Tennessee lililoanza 1985 lilionyesha hivyo kwa watoto wadogo waliokuwa kwenye madarasa ya 13 mpaka 17. California mwaka 1996 ikakimbilia kushusha madarasa ya chini mpaka watoto 20 kwa jimbo zima kwa mkupuo, umma ukafurahi, kumbe walimu hawatoshi, shule za mitaa ya maskini zikabaki na walimu wasio na vyeti kamili huku wazoefu wakichukuliwa na mitaa mizuri. Lengo la wananchi halikuwa na kosa. Waliopewa kazi ya kulitekeleza ndo walitakiwa kusema hapana, twende polepole.

Ila kuna kauli siivumilii kabisa, ile ya "wananchi hawaelewi". Mara nyingi wanaelewa kitu ambacho aliyeandika waraka hakukiona, kwamba mwalimu aliyepo ndo huyohuyo, kwamba mageuzi ya mwisho yaliachwa njiani na mtoto wao ndo aliyebebeshwa.

Haya, dodoso lenu. Kwanza lifute lile swali ambalo naamini mmeshaliandika, "Je, unaunga mkono kuboresha elimu?" au lolote linalofanana nalo. Hakuna atakayesema hapana, na mkishapata asilimia 95 mtaenda nazo juu mkiamini mna sapoti ambayo hamna. Uliza vitu ambavyo mzazi ameviona. Wiki iliyopita mwanao alileta daftari lililosahihishwa? Ulishawahi kuambiwa na mwalimu jambo ambalo mwanao hajaliweza? Ukimpa mwanao kifungu cha habari asome sasa hivi, anakimaliza bila kusaidiwa? Hayo mzazi anayajibu bila kubahatisha, na ukiyaweka pamoja yanakupa picha kuliko "unaridhika kwa kiwango gani".

Kila pendekezo liwekeni na bei yake ndani ya swali lenyewe, iwe pesa au muda au kitu kitakachopunguzwa. Usiandike "unakubali masomo ya ziada mchana", andika "unakubali masomo ya ziada mchana hata kama muda wa michezo utapungua kwa saa mbili kwa wiki". Kama mnabishana ndani ya kamati kuhusu maneno ya kutumia, msibishane, chapisheni aina mbili, nusu ya wazazi wapate hii na nusu ile, mgawe kwa bahati nasibu, kisha linganisheni. Mkiona majibu yanatofautiana sana jueni maoni ya wazazi kuhusu hilo jambo bado hayajaiva na msiyapeleke juu kama uamuzi.

Acheni nafasi ya "sijui". Watu wengi wanaiondoa ili karatasi ijae, matokeo yake mtu anakuwekea tiki popote na nyie mnaita hayo maoni. Na angalieni waliorudisha ni kina nani, hili nalisisitiza. Mkilipeleka kwenye grupu la simu peke yake mtajibiwa na wenye bando, muda na kujiamini, yaani Hamburg ndogo. Hesabuni karatasi zilizorudi kwa kila darasa, na pale ambapo ni chache mtu aende kuwafuata, aulize kwa mdomo kwa wasiosoma vizuri, na awaulize walezi wote siyo baba na mama peke yao.

Walimu wape dodoso lao siku hiyohiyo, bila majina, likusanywe na mtu wa nje ya shule. Swali moja la lazima kwao ni hili: ukitekeleza pendekezo hili kuanzia muhula ujao, kitu gani utakosa muda wa kukifanya? Majibu ya hapo yatawasaidia kuliko kurasa zote nyingine.

Mkishajumlisha, wazazi waonyesheni matokeo kabla hamjaandika mapendekezo, pamoja na yale yasiyowapendeza nyie kamati. Halafu swali la daftari lililosahihishwa lirudieni mwaka kesho kwa maneno yaleyale bila kubadilisha hata herufi, vinginevyo hamtajua kama shule imebadilika au ni swali lililobadilika. Ukiwa tayari niletee rasimu niipitie, hata ikiwa bado ina maswali ya kukata.